Miguu Chini ya Meza

Saa kumi kaka angemleta baba, na mchoraji alikuwa bado hana mama.

Sura alikuwa nazo, tele. Mara saba alichora, mara saba akafuta kwa tambara, na kila aliyejitokeza kwenye turubai alikuwa mama wa watu wengine. Picha ya pekee ya marehemu ililiwa na unyevu zamani. Daktari wa macho alikuwa amesema nuru iliyombakia mzee ni ya wiki chache, naye mzee akamwomba kitinda mimba wake jambo moja tu: amchoree mkewe, amwone tena kabla ya giza. Kitinda mimba mwenyewe aliachwa na mama akiwa na miaka minne. "Si uchore tu, kazi yako si ndiyo hiyo?" kaka alimwambia kwenye simu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Saa saba aliweka brashi chini, akaenda kupiga pasi gauni. Kama ni kuaibika, asiaibike na makunyanzi juu. Akanyunyiza maji kwa vidole, akashusha pasi. Mvuke wa pamba iliyolowa ukampanda puani.

Alikuwa tena mtoto mdogo, chini ya meza. Shuka la kupigia pasi lilining'inia karibu na sakafu, na nyuma ya pindo lake ilisimama miguu miwili ambayo angeitambua katikati ya soko. Kumbe yeye alimjua mama yake kwa kutokea chini! Wiki nzima alikuwa akimtafuta darini mtu aliyekuwa sakafuni.

Lakini kumbukumbu haiji mikono mitupu. Alijiona akilivuta shuka kwa mchezo. Pasi ya mkaa ikapinduka, kaa jekundu likadondoka juu ya mguu wa kulia, na mama akameza kilio chake. Nyumbani ilisemwa siku zote kwamba mama alijichoma mwenyewe, mtoto akiwa amelala.

Alichora bila kukaa. Miguu, pindo la gauni, matone ya maji yakianguka. Kovu akalipaka. Ukabaki mkono mdogo uliong'ang'ania shuka. Asipouchora, uongo ungeendelea. Akiuchora, mzee angeyafumba macho yake akijua nani alimuunguza mkewe. Mara mbili brashi ilifika pale ikarudi. Mlango ulipogongwa, aliuchora.

"Uso uko wapi?" kaka aliuliza. "Tumetoka kote huko kuja kutazama miguu?"

"Nyamaza wewe," mzee alimkata. "Nisogeze."

Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia rangi mbichi. Kidole chake kilifuata vidole vya mguu kimoja kimoja, kikasimama kwenye kovu, kisha kikapanda taratibu hadi kwenye ule mkono mdogo. Hapo kikatulia.

"Baba, nisamehe. Sikuwa nimelala. Mimi ndiye nililivuta lile shuka."

"Najua, mwanangu." Hakuuondoa uso wake kwenye picha. "Mama yako aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua hutakaa tena chini ya meza, na yeye atapiga pasi peke yake."