Moja, Mbili, Mama Mkwe

Katika maktaba ya sauti, dhambi kuu ni kukosa tarehe. Kanda inaweza kukwaruza, kunuka ukungu, hata kutafunwa na panya, na bado ikasamehewa. Lakini kanda isiyo na tarehe hupelekwa stoo ya chini, na iliyoshuka huko haijapata kupanda tena. Sheria hiyo iliwekwa na mkuu wa maktaba, mzee mnyoofu kama rula, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Tarehe. Alilijua jina hilo, na lilimpendeza.

Sasa kanda thelathini na mbili zilikuwa zimepatikana na hatia. Mende walikula gundi, lebo zikapukutika, na hakuna aliyejua ipi ni ya mwaka gani. Ndani yake mlikuwa na wakunga wakisimulia kazi yao, vinyozi wakibishana na wateja, na wanawake wa kiwanda cha nguo wakiimba ili zamu iishe upesi. Aliyezirekodi alikuwa fundi mmoja, sasa marehemu. Aliyepewa kazi ya kuzisikiliza alikuwa binti yake, ambaye wenzake kazini walimpa jina la Masikio.

"Mpaka Ijumaa," alisema Bwana Tarehe. "Bila tarehe, stoo."

Masikio alikuwa na dawa, ila dawa yenyewe ilikuwa chungu. Kila fundi wa kurekodi hujaribu kipaza sauti kabla ya kazi. Wengine huhesabu, wengine hupiga makofi. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimsema mama mkwe wake.

"Moja, mbili, mama mkwe kaja. Tatu, nne, kaja na jogoo. Tano, jogoo analala chumbani kwetu. Sita, mimi nalala sebuleni."

Kanda zote thelathini na mbili zilianza hivyo, kila moja na ziara yake. Na huyu ni mtu ambaye mbele ya mkwewe alikuwa akiinamisha kichwa kama anayetafuta sindano sakafuni, akasalimu, akapotea. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kumwambia sentensi iliyozidi maneno manne. Bibi alizoea kusema, tena kwa uchungu, "Mkwe wangu alinipa heshima. Kunipenda, hapana."

Bibi pekee ndiye aliyejua ziara ipi ilikuwa lini. Lakini mtu wa miaka themanini na minne, aliyeamini kwamba hakupendwa, unampeleka vipi akathibitishiwe na mashine? Masikio alilifikiria jambo hilo siku tatu. Kanda zikishuka stoo, sauti ya baba inashuka nazo. Alhamisi asubuhi akampeleka, roho mkononi.

Bibi aliketi, akaikagua spika kama anayenunua mbuzi. Bwana Tarehe alikuwa amekwisha kunoa penseli mbili.

"Bibi, kabla hujasikia," alianza Masikio, "baba alikuwa mtu wa utani..."

"Mjukuu wangu, nimekuja kusikiliza au kuhubiriwa? Washa."

Jogoo alipokwisha kutajwa, Bwana Tarehe aliitazama dari kwa heshima zote.

"Mwongo!" Bibi alipiga meza. "Jogoo gani? Alikuwa tetea! Tena aliatamia mayai kumi na moja chini ya kitanda chao. Wewe ulikuwa na siku saba duniani, unalia kuliko vifaranga. Haya, weka nyingine."

Masikio aliitaja siku yake ya kuzaliwa, akaongeza saba. Penseli ikaandika.

"Moja, mbili, mama mkwe ana jino," ilisema kanda ya pili. "Tatu, jino lina mama mkwe. Nne, nyumba nzima haijalala."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Akaufungua mkoba wake, akatoa kadi ya kliniki ya meno, ya manjano na imekunjwa mara nne, ila tarehe inasomeka. Bwana Tarehe aliipokea kwa mikono miwili kama hati ya ufalme.

Wakaendelea. Mama mkwe kahamisha kabati. ("Lilikuwa limeziba dirisha! Ndio mwaka ulioanza shule.") Mama mkwe anakoroma kwa sauti ya pili. ("Hilo ni kweli.") Kufika saa ya chai, kanda thelathini na moja zilikuwa na tarehe.

"Kumbe alikuwa na mdomo!" Bibi alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Miaka yote ananitazama vidole vya miguu, kumbe huku ananitangaza!"

Ikabaki moja.

"Moja, mbili." Kimya. Mtu alivuta pumzi. "Mama mkwe kaondoka leo. Nyumba... nyumba ina nafasi mno. Tatu."

Nne haikuja. Wanawake wa kiwandani wakaanza kuimba, na Masikio akazima.

Bibi alikuwa ameikazia macho ile spika. Bwana Tarehe aliivua miwani yake safi, akaisafisha.

"Mpumbavu yule," Bibi alisema taratibu. "Si angesema? Angesema tu, ningekaa hata mwezi."

"Mama, samahani sana," alisema Bwana Tarehe, na kweli aliona haya. "Hiyo... unaikumbuka?"

"Tarehe tisa, mwezi wa sita, mwaka ule alipofariki. Sikumwona tena akiwa hai." Bibi aliupapasa mkoba, lakini hakutoa kadi. "Alinibebea mzigo mpaka kituo cha basi. Akasimama mbele yangu, akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Nikadhani ana njaa, nikampa ndizi."

"Akaila?" aliuliza Masikio.

"Aliila yote," alisema Bibi. "Na wala hakuwa na njaa, maskini. Sasa ndio naelewa."