Mkoromo wa Guelord

Guelord, mtoto mchanga, alikoroma hata akiwa macho. Kila alipovuta pumzi, koo lake lilitoa sauti nyembamba, kama jogoo mchanga anayejifunza kuwika, na akilazwa chali ndipo ilipozidi. Majirani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, walimsikia wakiwa nyumbani kwao. Bibi yake Kabibi, mwanamke wa Fizi, Kongo, asiyejua kunong'ona, alikwisha kutoa hukumu: ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kimerefuka, kikatwe.

"Batoto bangu bote balikatwa, na beko bazima," alimwambia mkamwana wake, Arlène. "Mzee Lwaboshi, ule mukataji wa vimeo, atakuya na kisu yake siku ya posho."

Arlène alikuwa na heshima, lakini heshima yake ilikuwa na mfupa ndani. "Mama, nakuomba. Kwanza twende Lilongwe. Docteur akisema ni kimeo, mi sitakataa tena."

Kabibi akakubali upesi. Alijua atashinda ubishi huo.

Hospitalini daktari alimulika kinywa cha mtoto. "Kimeo njo hiyo?" Kabibi akauliza, kichwa chake kikiwa kimetangulia cha daktari. Ndicho, daktari akaitikia, kidogo, kimetulia mahali pake. Kisha daktari akapitisha puani mpira mwembamba wenye kamera. Guelord akapiga kelele za hasira, na koo lake likatokea kwenye kioo cha mashine. Juu ya njia ya pumzi palikuwa na nyama laini, na kila alipovuta hewa ilivutwa ndani, kama pazia la mlangoni.

Daktari alieleza, Arlène akatafsiri. Mtoto amezaliwa nayo. Kwa watoto wengi hukakamaa wanapokua, na sauti huisha yenyewe. Ila Guelord alikuwa hanenepi, na maziwa yalimrudia. Basi apewe dawa ya kutuliza tumbo, anyonyeshwe akiwa ameinuliwa, apumzishwe katikati, kisha abebwe wima. Wakati wa kulala alale chali, hata kama sauti huzidi, maana ndiko salama. Midomo ikigeuka buluu au pumzi ikikatika, aletwe mbio. Na asipoongezeka uzito, watampasua waipunguze nyama ile.

"Na kimeo ikikatwa?" Kabibi akauliza.

"Atavuja damu bure, mama. Sauti itabakia."

Njia nzima ya kurudi Kabibi alimtazama mtoto tu. Aliona aibu, tena aliogopa. Kumbe angemtia kisu mjukuu wake bure.

Mzee Lwaboshi alipokuja, alimkuta amembeba Guelord begani, wima.

"Kimeo yake nimeiona na macho yangu," Kabibi akamwambia. "Haina kosa. Zikomo, aksanti, baba. Rudia kwako na kisu yako."

Tangu hapo bega lake likawa la Guelord. Kila baada ya kunyonya alizunguka naye uani, nguo zake zikinuka maziwa, akimgombeza anenepe. Waliporudi Lilongwe, mshale wa mizani ulikuwa umepanda. Daktari akasema hakuna kupasua. Arlène akalia, Kabibi akamgombeza naye, huku akijifuta macho.

Sauti ilibakia miezi mingi, ikipungua. Mchana mmoja Kabibi alikuwa akichekecha unga uani, akashtuka: kimya. Alitupa chekeche, akakimbia ndani. Guelord alilala chali, midomo myekundu, kifua kikipanda na kushuka. Akainamisha sikio. Pumzi iliingia na kutoka bila sauti yoyote.

Alitaka kupiga kelele. Badala yake akaenda polepole hadi barazani, Arlène alikokuwa akishona kwa cherehani, akamshika mkono, akanong'ona:

"Kuya. Kuya usikie."