Nyuma ya Kabati

Kifungo cha gauni la bibi harusi kilibingirika hadi uvunguni mwa kabati. Fundi cherehani hakuwa na kingine kama hicho, kwa hiyo akalisukuma kabati kwa bega. Lilipoachana na ukuta, akasahau kifungo. Ukungu mweusi ulikuwa umetanda kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, na harufu yake ikampanda puani.

Alikaa kitako. Tangu mvua zianze, binti yake alikuwa akilala kwa bibi yake, maana kifua kilimbana kila alipolala humu, katika chumba hiki kimoja cha kulala na kushonea. Bibi alishasema bila kumung'unya maneno: "Simrudishi mjukuu wangu kwenye pango hilo mpaka ukuta ukauke."

"Brashi!" aliita. Mumewe alikuwa mpaka rangi, na mtaa mzima ulimwita kwa jina hilo la Brashi.

Brashi alikuja, akatazama, akakuna kichwa. "Napiga mkono mwingine wa rangi."

"Mwingine tena? Ukuta umevaa makoti mengi kuliko mlinzi wa usiku, na bado unaumwa!"

"Na wewe je? Madirisha umefunga tangu asubuhi, unapiga pasi ya mvuke kama unachemsha viazi. Huo mvuke unakwenda wapi, mke wangu?"

Alifungua mdomo kumjibu kwamba kitambaa cheupe hakitaki vumbi. Macho yakamwendea dirishani. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye kioo, kwa ndani, na nje jua lilikuwa linawaka.

Akapitisha kidole kwenye kioo, kikatoka kimelowa.

"Kumbe tunamuumiza mtoto sote wawili, wewe unaufunika ukungu kwa rangi, mimi naulisha kwa mvuke," alisema.

"Sote wawili," Brashi alikubali. "Niletee chuma cha kukwangulia."

Walifungua madirisha, wakajifunga vitambaa puani. Fundi aliulowesha ukuta kwa maji ya sabuni ili ukungu usirushe vumbi, na Brashi, aliyezoea kupaka, akakwangua makoti yake mwenyewe ya rangi huku akiguna kama anayeng'olewa jino. Wakasugua, wakafuta, wakasugua tena. Kabati halikurudi ukutani. Waliliacha mbali kiasi cha mkono kupita. Pasi ikahamia barazani, na gauni jeupe likafunikwa shuka.

"Nipake sasa?" Brashi aliuliza kesho yake.

"Gusa hilo kopo uone!"

Kila asubuhi fundi aliweka kiganja ukutani. Baridi. Baridi bado. Hatimaye siku moja ukuta ulikuwa mkavu kama karatasi, na akampigia mama yake simu.

Bibi alifika na mjukuu na uso wa mkaguzi. Alinusa nyuma ya kabati. Akapitisha leso nyeupe ukutani, akaigeuza huku na huku, akatafuta doa, akakosa.

"Tutalala wote humu. Akikohoa, naondoka naye."

Kulipopambazuka, binti alifumbua macho, akamkuta mama yake ameinama juu yake.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?"

"Nakusikiliza."

"Sijasema kitu."

"Ndicho hicho ninachokisikiliza, mwanangu."

Bibi alikuwa ameketi kando, anafungua kibegi cha mtoto na kutoa nguo zake, moja moja, akizipanga kabatini.

Brashi alichungulia mlangoni na kopo mkononi. "Mama, sasa naruhusiwa?"

"Fungua dirisha kwanza," alijibu bibi.