Vigari vya Mbaraka na Katoni ya Athumani

Shemeji yangu Athumani aliingia na vitu viwili: shuka nyeupe ya eda kwapani, na katoni tupu ya sabuni mkononi. Mimi niliiona katoni kwanza.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane, mwaka 1972, baada ya sala. Nyuma yake alikuja Mwalimu Amisi wa msikiti wetu wa Rumonge, mzee anayetembea akigusa ukuta. Nje ilisimama kamyoneti ya kijivu ambayo Athumani alikuwa ameanza kuiendesha kwa tajiri mmoja wa Bujumbura. Niliijua kamyoneti ile. Kabla ya mwezi wa tano haikuwa ya kijivu.

"Amahoro, shemeji," akasema Athumani. "Tumekuletea nguo."

"Nani amekufa?"

"Shemeji, usifanye hivyo. Mwezi wa tatu huu haonekani. Muntu mwenye iko hai, hata salamu analeta."

Akasema hivyo macho yake yako kwenye kabati la kioo.

Ndani ya kabati lile mlikuwa na vigari thelathini na kimoja vya mume wangu Mbaraka. Mbaraka alikuwa fundi wa kuandika majina ya biashara kwenye magari na milango ya maduka, kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac. Mwaka wa Uhuru, 1962, Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka arudi kwao alimpa vikamyoneti vitatu vya chuma, kila kimoja urefu wa kidole. Ubavuni vilikuwa na matangazo ya wachuuzi wa Ulaya wa zamani: muuza chai, mwoka mikate, na mtengeneza sabuni mwenye masharubu. Mbaraka alikesha navyo mezani.

"Mwasiti, tazama," aliniambia. "Herufi ndogo kuliko punje ya ulezi, na mkono wa aliyeziandika haukutetemeka."

Tangu hapo akawa anavitafuta. Mapadri wakihama, anakwenda kuuliza. Dereva akikipata kimoja Bujumbura, anamletea. Vilivyochubuka rangi alivisafisha akaviandika upya kwa majina ya kwetu, kwa brashi ya nywele za mkia wa paka wetu. Anastasie, Mikate ya Moto. Sefu, Fundi Cherehani. Hadji Radjabu, Mawese Safi: hicho kilikuwa chekundu kama gari lake la kweli, na mchikichi wa dhahabu mlangoni. Wenye majina walikuja kujitazama. Anastasie alilalamika kwamba mkate wake umechorwa mdogo, na Mbaraka akamjibu, "Mama, nimechora kama unavyouza."

Alikuwa na desturi yake. Mwenye jina akifa, Mbaraka alimwombea, kisha akakigeuza kigari chake kitazame ukuta. Alisema gari limeegeshwa.

Mwisho wa mwezi wa nne, mwaka huo wa 1972, watu walivamia pwani yetu ya ziwa, wakaua. Kisha askari wakaja, na malori yakaanza kubeba watu ambao hawakurudi. Hadji Radjabu alibebwa. Gari lake jekundu lilibaki, na siku chache baadaye wanaume wawili walikuja kumwita Mbaraka akafute jina ubavuni. Alichukua petroli, matambara na mkebe wa rangi ya kijivu.

"Kazi ya saa moja," aliniambia.

Juma lililofuata gari lilipita barabarani likiwa la kijivu tupu. Chini ya mlango, pembeni, niliziona herufi mbili ndogo, M.B., anazoziweka kwenye kila kazi yake. Alilifuta jina la Hadji akaacha alama yake. Basi kazi aliimaliza. Walikuwa na sababu gani tena ya kumweka?

Swali hilo nilikaa nalo dirishani miezi miwili na nusu. Nilimwomba Mungu subira, akanipa. Nikamwomba aniondolee hasira, hiyo akaniachia. Nguo ya eda niliikataa. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, lakini Kurani nimeihitimisha mara mbili, najua kwamba mke wa mtu aliyepotea si mjane mpaka pawe na habari ya kweli, na mali ya mtu aliyepotea haigawanywi. Athumani naye alijua. Hatukujaliwa mtoto. Mimi nikivaa shuka, robo ni yangu na robo tatu ni zake yeye, ndugu pekee wa Mbaraka. Yule tajiri wake aliviona vigari siku moja mlango ukiwa wazi, akavipenda. Athumani akamwahidi.

Mwalimu Amisi aliketi kwenye mkeka. "Bi Mwasiti, hakuna anayekulazimisha," akasema. "Athumani ameniambia ana uhakika. Ndiyo maana nimekuja."

"Uhakika iko," akasema Athumani. Alikuwa ameshafungua kabati na kuweka muuza chai ndani ya katoni. "Mwalimu, mwambie tu avae. Hata yeye atapumzika."

"Huyo anayenionea huruma amekuja na katoni," nikasema. "Huruma yako, Athumani, ina vipimo."

Mwalimu aliinua mkono tunyamaze. "Mama, sikiliza. Ukikubali, eda yako haianzi leo. Inahesabiwa tangu siku aliyofariki, hata kama hukujua. Labda imebaki kidogo." Akamgeukia Athumani. "Ilikuwa siku gani?"

Athumani hakugeuka. Alikuwa anamweka mwoka mikate. "Jumatano ile, tarehe kumi na saba, mwezi wa tano," akasema. "Saa ya alasiri."

Nikauona mkono wake umesimama ndani ya kabati.

Mwalimu aliuliza polepole, kama anavyomuuliza mtoto aya aliyoiruka. "Alasiri umeijuaje?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Mtaa huu hakuna aliyesema hata siku. Wewe una siku na saa."

Athumani alikuwa ameshika kigari chekundu cha Hadji. Akakizungusha magurudumu kwa kidole. "Mwalimu, mimi iko dereva. Dereva anaambiwa endesha, anaendesha. Waliniweka kwenye usukani, wao wakakaa nyuma na watu waliowakamata. Sikugeuka."

"Na Mbaraka alikuwa nyuma," nikasema.

"Alikuwa bado na rangi mikononi."

"Alikuona?"

Akalifuta paa la kigari kwa kidole gumba.

"Nakuuliza, alikuona?"

"Aliniita jina," akasema. "Kwa kioo kile cha nyuma."

"Ukamjibu nini?"

Sikumsubiri ajibu. Nilichukua ile shuka nyeupe kwenye mkeka, nikaikunjua, nikajifunika kichwa mpaka miguuni. Athumani alishusha pumzi, nikaona mabega yake yanalegea. Alidhani ameshinda.

"Mwalimu," nikasema, "habari ya kweli nimeipata, na aliyeileta alikuwepo. Mimi ni mjane. Sasa niambie, huyu ni maharimu wangu?"

"Hapana," akasema Mwalimu. "Shemeji si maharimu. Hata kukuposa anaweza, eda ikiisha."

"Basi anafanya nini ndani ya chumba cha mjane?"

Athumani alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwenzake. "Shemeji, nguo nimeleta mimi."

"Umeleta wewe. Mungu akulipe kwa nguo. Toka."

"Na mirathi? Mwalimu, mirathi iko sheria. Robo tatu."

Mwalimu Amisi aliinuka kwa kushika ukuta. Alichukua katoni, akatoa muuza chai na mwoka mikate, akaviweka kabatini alipoona pana nafasi, si mahali pake. "Mirathi ya mtu uliyempeleka wewe, mimi siisomi," akasema. "Nenda kwa sheikh mwingine. Lakini umweleze kama ulivyonieleza mimi, na saa ya alasiri usiiache." Akamnyang'anya kigari chekundu, akamkabidhi katoni tupu.

Zilikuwa zimebaki siku karibu hamsini. Kamyoneti ya kijivu ilikuja mara tatu ikapiga honi mbele ya mlango, na mjane wa eda hatoki kwa honi. Wanawake wa mtaani waliniletea maji na samaki. Niliwaeleza siku, saa, na nani alikuwa kwenye usukani. Sikuongeza neno. Honi ya nne haikupigwa.

Hadji nilimwombea, nikakigeuza chekundu kitazame ukuta. Mbaraka hakuwa na chake. Alikuwa na baiskeli tu, hakuona sababu ya kujiandika. Kabatini kulibaki kimoja kilichosafishwa ambacho hakikupata jina. Nikachukua brashi ya mkia wa paka. Herufi zangu ni za darasa la tano, zimepanda na kushuka: MBARAKA, FUNDI WA KUANDIKA, RUMONGE. Upande wa pili nikaandika tarehe.

Hicho sikukigeuza. Nimekiweka mbele kabisa, kinatazama mlango, ili Athumani akija kudai robo tatu yake aanze kwa kukisoma.