Imebaki Vifungo Tu

Fundi cherehani alikuwa na uongo mmoja tu, lakini alikuwa ameuvaa mpaka ukapauka: "Imebaki vifungo tu." Kitambaa bado kimekunjwa mfukoni, vifungo tu. Hata gauni lisilo na kifungo hata kimoja, vifungo tu.

Marehemu mkewe alikuwa akimchokoza kwamba Jumapili anauvaa ukweli, Jumatatu anautundika msumarini. Naye alikuwa akimjibu kwamba amejifunza kwa wakubwa. Maji ya mtaa yanakuja kesho, mwaka wa sita huu. Paa la kanisa linamalizika mwezi ujao, na wazee wanaotangaza hivyo hukaa viti vya mbele, pasipovuja. Sasa yeye, fundi wa watu, ndiye wa kuanza?

Ila Jumapili hiyo mahubiri yalimchoma kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo. Mchungaji alisema Mkristo hapimwi akiwa kwenye benchi la kanisa. Hupimwa Jumatatu saa nne, kazini kwake.

Jumatatu saa nne akaingia mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Amefuata gauni lake. Harusi ya bintiye ni Jumamosi hii. Fundi alijua akisema kweli, mama huyu atabeba kitambaa chake avuke barabara kwa yule mwenye cherehani ya umeme, na kina mama wote watamfuata huko. Vile vifungo vikamfika mpaka ncha ya ulimi. Akavimeza.

"Mama mwenyekiti," akasema, "sijakata hata mkono."

Mama akakaa. Akafungua mkoba, akaufunga. Fundi akasubiri yale matusi ya kistaarabu, yanayoanza na Bwana asifiwe.

"Harusi si Jumamosi hii," mama akasema, macho kwenye viatu vyake. "Ni ya wiki ijayo. Nilijua utanidanganya, nikakuwahi."

Fundi akamtazama. Miaka yote analaumu wakubwa, na huyu hapa mmoja kakamatwa mchana kweupe, lakini neno la kumsuta halikuja. Kilichokuja ni kicheko. Mama akajikaza kama kiongozi, akashindwa, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na jana tuliitikia amina pamoja," fundi akasema.

"Tena wewe ulipiga kelele kunishinda."

Fundi akatandaza kitambaa mezani, akaahidi Alhamisi. Mama akauliza Alhamisi ya nani. Ya kalenda, akajibiwa. Basi akavua viatu, akasema kumwamini amemwamini, ila haondoki mpaka aone mkasi umepita kiunoni.

Fundi akampima upya. Futi ya kupimia ikagoma kufika pale ilipofika mara ya kwanza. Akakohoa. Kwa kuwa siku ilikuwa ya ukweli, akamwambia kiuno kimeongezeka inchi mbili.

Mama akavuta pumzi ndefu.

"Andika," akasema. "Andika zote mbili."