Jina Chini ya Dirisha la Dereva

Lucius alikuwa ameshatandika gazeti juu ya meza ya jikoni na kufungua kopo la rangi nyeusi. Kichwa cha treni ya kuchezea alichoacha marehemu baba yao kilikuwa kimebabuka rangi, na Krismasi ilikuwa inabisha hodi.

"Nataka king'ae kama siku kilipotoka dukani," alimwambia dada yake, Verlene.

"Na hili jina je?"

Chini ya dirisha la dereva palikuwa na herufi nyeupe zilizopinda: E. TALIAFERRO. Baba aliliandika jina lake hapo kwa mkono wake mwenyewe. Pale mjini Roanoke alichochea makaa kwenye treni maisha yake yote. Vijana wa kizungu aliowafundisha kazi wakapanda kuwa madereva, yeye akabaki na koleo lake, kwa kuwa siku hizo mtu mweusi hakukabidhiwa injini.

"Mwandiko wenyewe kama kuku kaparura," Lucius alisema.

"Kuku huyo ndiye aliyekulisha, mdogo wangu. Haya, paka rangi! Mshushe na wewe kwenye injini."

Lucius alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akafunika kopo. Wakasugua kutu kwa mafuta na kusafisha magurudumu, ila herufi hawakuzigusa.

Siku ya Krismasi treni ilizunguka mti wa sebuleni, na kila mgeni aliyeingia Lucius alimshika mkono kabla hajavua koti.

"Njoo," alisema, kifua mbele. "Njoo umwone baba yangu anavyoendesha."