Swadiki Anakula kwa Soka

Swadiki aliporudi Koboko kutoka hospitali ya Arua, baada ya kukatwa sehemu kubwa ya tumbo kwa sababu ya kansa, mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba ameshonewa firigisi ya kuku. Ilinibidi, ili wasishangae akila kidogo. Kwetu ukikataa chakula cha ndugu yako, umeshasema anakuwekea sumu. Na sumu ikishatajwa, nyumba huchomwa kwanza, maswali baadaye.

Sista Concy wa wodini alikuwa ametuonya. "Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Akijaza tumbo, chakula kitateremka kwa kasi, atatoka jasho na kuanguka. Na arudi tumpime. Hata akijisikia mzima, arudi."

Tatizo lilikuwa Soka, ndugu yake wa baba mmoja. Waligombania mpaka wa shamba, halafu Swadiki akaanza kukonda. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Ndiyo maana Soka alichinja kondoo, akaita ukoo mzima uje kumshukuru Mungu, akaweka sahani mbele ya mgonjwa.

"Firigisi inataka kokoto, si kondoo," nikasema. Watu wakacheka. Soka hakucheka.

"Ndugu yangu," akasema, "chakula yangu utaonja ama hapana?"

Swadiki alimtazama, akanawa mkono, akala. Hakuonja, alikula tonge baada ya tonge, kama mtu mwenye tumbo. Kabla sahani haijatolewa jasho lilimlowesha kanzu, mikono ikatetemeka, akalala chini.

"Soka amemaliza kazi," mtu akasema nyuma.

Nikaanza kueleza alichosema sista. Wakaniambia, "Mzee Romano, leo hapana mzaha." Vijana walikuwa wameshasimama.

Swadiki akainua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Godoro yangu muilete hapa. Mimi nakaa kwa Soka."

Akakaa. Kila siku alikuwa anakula uji barazani, kijiko kwa kijiko, Soka akimshikia bakuli, barabara nzima ikiona. Mawe hayakurushwa.

Siku ya kurudi hospitali ilipofika nikaenda na gari la kuazima.

"Panda, Swadiki."

"Siendi. Nikienda leo watasema naenda kupimwa sumu. Huyu Soka iko na watoto."

"Na wewe je?"

"Mimi niko na firigisi," akasema, akanifukuza kwa mkono.

Nilirudi tena na tena. Nilimdanganya kwamba sista anataka kuolewa naye, kwamba daktari amepata tumbo la spea kutoka Kongo. Alicheka mpaka akashika kovu, lakini hakupanda. Mvua zikaanza. Uji ukawa haushuki, mabega yakabaki mifupa, na macho yakaingia rangi ya manjano.

Aliyemaliza ubishi ni Soka. Alimbeba mgongoni kama gunia la pamba, akamweka kwenye kiti cha nyuma. "Nyumba wachome," akasema. "Twende."

Arua walimpima, wakamwingiza kamera kooni, wakamwangalia ini. Sista Concy alitutoa nje, mimi na Soka.

"Imerudi," akasema. "Iko kwenye ini pia. Tutamsaidia asiumie. Mngekuja ile siku…"

"Ni chakula yangu?" Soka akauliza.

"Ni kansa, baba. Chakula chako ndicho kilichomfikisha hai mpaka leo."

Soka akarudi ndani kumbeba.

Tulimrudisha Koboko na chupa ya dawa ya maumivu. Watu walikuwa wamejaa barazani wakitusubiri. Swadiki hakuwa na sauti tena. Akanishika mkono akanisukuma mbele, niseme. Nikasema. Kansa, ini, tumechelewa, Soka hana kosa. Sikuongeza chumvi hata kidogo.

Wakaendelea kunitazama mdomoni. Mmoja akatabasamu.

"Haya, Mzee Romano, malizia mzaha."

Nikarudia yale yale. Nyuma yao mke wa Soka alikuwa ameshaanza kutoa watoto na masufuria nje ya nyumba.